Boga Lililokatwa Kabla ya Siku Yake

Leo sina mahubiri marefu. Nina boga.

Mwezi wa nne, mvua ilipokolea, mimi na watoto wangu wawili tulipanda mbegu za maboga katikati ya mahindi, nyuma ya nyumba. Mvulana yuko Gredi ya 2, msichana yuko PP2. Nikawaambia: siku ya kuvuna, baba hatoki. Tutavuna, tutapika, tutakula pamoja. Niliahidi kwa urahisi, vile sisi wachungaji huahidi mambo.

Unajua maisha ya mtumishi. Matanga, kesha, wagonjwa, harambee, kikao cha wazee. Maboga yakatambaa, yakachanua, mama yao akachuma majani tukayala na ugali. Mimi niliyapita asubuhi nikitoka, na usiku nikirudi na tochi.

Jioni moja mwezi wa saba nilimkuta msichana mlangoni, amelikumbatia boga kubwa kuliko yote. Alikuwa amelikata kwa kisu cha jikoni. Ganda bado laini, ukucha unaingia. Nilifoka. Nilimwambia ameliharibu, angengoja mwezi mmoja tu!

Na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimehubiri Marko 4:26-29, yule mkulima anayelala na kuamka huku mbegu ikikua asijue jinsi. Hata Kiyunani cha chuo cha Biblia nilikitoa: nchi huzaa "automate", yaani yenyewe. Kanisa likaitika amina kubwa.

Mtoto hakulia. Alisema tu, "Nilitaka siku ya kuvuna ifike."

Mpendwa, nilikaa pale mlangoni na viatu vyangu vya matope. Kumbe haraka yake ilikuwa ya kumpata baba. Boga litaiva hata nisipokuwepo, nchi italishughulikia. Lakini huyu mtoto nilikuwa nimemwachia nani?

Nilimwomba msamaha. Baba kumwomba msamaha mtoto wa miaka 5 si kazi nyepesi, jaribu uone. Mama yao alilikatakata lile boga changa, akalikaanga na vitunguu, tukalila kama mboga. Mbegu zake zilikuwa nyembamba kama karatasi.

Jumamosi iliyopita siku yenyewe ikafika. Simu nilimwachia mzee wa kanisa. Vikonyo vilikuwa vimekauka, ganda gumu, ukucha haupiti. Niliwaonyesha watoto kuacha kikonyo kirefu kidogo, na wasibebe boga kwa kikonyo, maana kikivunjika linaoza upesi. Mvulana alihesabu 11, akarudia kuhesabu, bado 11. Msichana alikataa kusaidiwa. Alibeba lake kwa mikono miwili, akipumzika kila hatua tatu, na mimi nikamngoja. Tulichemsha moja, tukala na chai mpaka giza likaingia. Mengine yako juu ya mbao, pahali pakavu, na hayo yatakaa miezi.

Kama ulinipigia siku hiyo ukaambiwa mchungaji hayuko, nilikuwa shambani, hatua thelathini kutoka jikoni. Nisamehe, lakini sijutii.

Mbegu tumezianika kwenye ungo. Nimewaambia tutazipanda mvua za Oktoba zikianza. Jana msichana aliniletea kalenda ya kanisa na kalamu. Anataka siku ya kuvuna iandikwe.

Barikiwa.