Daftari la Mtihani na Mzazi wa Siku Kumi na Mbili



Mwaka jana zilikuwa zimenibakia wiki mbili tu kabla ya mtihani wa uuguzi wa afya ya akili, na nyumbani hapakuwa na pa kusomea. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na kama desturi yetu akaletwa kwa bibi akae arubaini. Wageni wanaingia, wageni wanatoka. Uji wa pilipili manga jikoni, maji ya kukandia kwenye sufuria kubwa, harufu ya mvuje nyumba nzima. Mimi nimejibanza ukumbini na daftari langu, nakariri kwa sauti ya chini kama mtoto wa chuoni anayehifadhi juzuu.

Nilikuwa nimefika mada ya magonjwa ya akili baada ya uzazi. Maswali yake hupenda kumtega mwanafunzi, kwa sababu hali zenyewe ni tatu na zinafanana mwanzoni. Kuna huzuni ya siku za mwanzo: mama analia bila sababu, siku ya tatu au ya nne hivi, na ndani ya wiki mbili inaondoka yenyewe. Zaidi ya nusu ya wazazi huipata, na dawa yake ni usingizi na mtu wa kumpokea mtoto. Kuna sonona, ambayo haiondoki baada ya wiki hizo mbili. Mama hapati raha ya kitu chochote, anajiona hafai, na wengine hujificha nyuma ya tabasamu. Ya tatu ni saikosisi ya baada ya kujifungua. Hii ni adimu, mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini huja ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenye mtihani wa majaribio skuli nilikuwa nimelikosa swali lake. Mama haonekani kuhitaji usingizi, anasema mtoto si wake, muuguzi afanye nini kwanza? Nikaandika: ampe moyo, amshauri apumzike. Mwalimu akanipigia mstari mwekundu. Jibu ni usalama kwanza: mama asiachwe peke yake na mtoto. Nilinuna siku nzima.

Usiku wa kumi na mbili nikaamka kwenda kutia udhu. Dada amekaa kitandani, mtoto amelala, taa inawaka. Bibi aliwahi kuniambia asubuhi ile, "Huyu mzazi halali siku tatu sasa, na wala hachoki." Sikulitilia maanani. Nilipomuuliza mbona hajalala, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Huyu si mwanangu. Wamembadilisha. Naambiwa nimrudishe baharini."

Nikahisi miguu imekuwa maji. Lile swali nililolikosa lilikuwa limekaa mbele yangu limevaa kanga.

Tulifundishwa kwamba mgonjwa mwenye imani ya namna hii usibishane naye, na wala usimkubalie. Nikamwambia, "Dada, naona umeogopa. Mimi sijaona mtu aliyembadilisha, lakini nipo hapa na wewe." Kisha nikamuuliza lile tulilokuwa tukiona haya kulitamka hata darasani: "Unafikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Watu wengi hudhani ukiuliza hivyo ndiyo unampandikizia fikra. Siyo. Mwenye fikra hizo mara nyingi hupata nafuu akiulizwa. Dada akaanza kulia, akanipa mtoto mwenyewe.

Bibi alipoamka akasema kaguswa, aitwe sheikh, aandikiwe kombe. Mkwewe alipofika asubuhi hofu yake ilikuwa nyingine: mzazi hajamaliza arubaini, atatokaje nje, na watu watasemaje wakisikia kapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili? Hapa Unguja jina la Kidongo Chekundu watu hulifanya la utani, na wanaolitania hujifanya hawana ndugu aliyewahi kufika pale. Sikubishana na bibi. Nilimwambia, "Kisomo kiwepo na hospitali iwepo, bibi. Sheikh atamsomea huko huko." Allah amlipe kheri yule sheikh, kwani alipopigiwa simu jambo la kwanza alilouliza ni kama tumeshampeleka kwa daktari. Tukamfunika kanga mbili na baibui juu, tukatoka.

Alilazwa wiki kadhaa. Akaanzishwa dawa, na moja yao ni lithiamu, ambayo kwa kawaida mama akiitumia hanyonyeshi. Hapo maneno yakaanza upya: mtoto ananyimwa ziwa! Mume wake, kijana mpole, ndiye aliyefungua Suratul Baqara aya ya 233 akawaonesha wazee kwamba wazazi wakishauriana na kuridhiana wanaweza kumwachisha mtoto. Mjadala ukaisha. Na mimi nilipokuwa nikikaa naye wodini nilikuwa nikimfikiria Bi Maryam, ambaye uchungu ulipomfika alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile, na hakuna Muislamu anayemwita mpungufu wa imani.

Mabibi harusi, hapa nina neno nanyi. Tunatayarishwa kwa singo, hina na udi, somo anatufundisha mengi, lakini haya hatuambiwi. Kama umewahi kuugua akili, au mama yako aliugua baada ya uzazi, mwambie mkunga tangu mimba ikiwa changa. Wapo wanaotumia dawa wakaziacha ghafla wiki ya fungate ili wakwe wasizione, na ugonjwa ukarudi. Na kama unatumia valproeti, muone daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usiiache peke yako pia.

Mtihani nilifaulu, si kwa alama za kutisha. Nina mwingine mwezi ujao, wa dawa, na Dada ndiye anayenishikia daftari, mtoto yuko magotini kwake anatafuna pembe ya karatasi. Juzi akaniuliza kiwango cha lithiamu katika damu. Nikajibu vizuri: 0.6 hadi 1.2, ikipita 1.5 sumu inaanza. Akauliza dalili za sumu. Nikataja kutapika, kuharisha na mikono kutetemeka, nikanyamaza.

"Na kuyumba ukitembea," akasema. "Na hujataja maji na chumvi. Ramadhani iliyopita daktari alinizuia kufunga kwa sababu gani? Mwili ukikauka dawa inazidi kwenye damu." Akanitazama kwa dharau ya kindugu. "Wewe unaisoma tu. Mimi naimeza."