Laini ya Pili Si ya Mpango wa Kando

Wacha niseme hii kitu mara moja, mtanitukana baadaye mkipenda.

Kenya hii, mtu akiona simu yako iko na laini mbili, swali la kwanza ni moja tu: "Na hiyo ingine ni ya nani?" Mwanaume akiwa nazo, ati anaficha mpango wa kando. Msichana akiwa nazo, ati kuna sponsa mahali. Hakuna mtu huuliza kama uko na kazi. Mimi niko nazo mbili, huu mwaka wa tatu, na leo natetea watu wa laini mbili wote, hata wale siwajui.

Kwanza, hii si tabia ya kizazi chetu. Tumeirithi. Nikiwa mdogo kule Lugari, mjomba wangu alikuwa na simu moja na laini tatu. Akitaka kupigia mtu wa mtandao mwingine, anazima simu, anafungua kifuniko, anatoa betri, anabadilisha laini, anarudisha betri, anangoja iwake. Zile laini zingine zilikaa kwa waleti, zimekunjwa kwa kipande cha karatasi ya daftari. Hakuwa anaficha mtu. Kupiga ndani ya mtandao wako kulikuwa nafuu, kuvuka kulikuwa ghali. Basi.

Agosti 2010 Zain ikashusha bei ya dakika hadi shilingi 3 na vita vya bei vikaanza. Aprili 2011 ikaja ruhusa ya kuhama mtandao na nambari yako ile ile. Ungedhani watu sasa watabaki na laini moja. Wapi! Simu za laini mbili zilikuwa zimejaa madukani, na watu wakajipanga: moja ya M-Pesa, ingine ya bando za bei nafuu. Mpaka leo wengi wetu tunaishi hivyo, na hakuna dhambi hapo.

Yangu iko na sababu ingine.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Nyumbani wanajua, kwa hivyo msianze. Nikaingia kwa video fupi za kutangaza biashara ndogo hapa Eldoret: salon, mitumba, vibanda vya chipsi, fundi wa viatu. Hii kazi lazima nambari yako iwe wazi. Mama wa mitumba hatakutumia barua pepe. Anataka kupiga, asikie sauti, abishane bei, halafu atume deposit.

Sasa, nambari ya simu Kenya si nambari tu. Ni mlango, na jina lako limeandikwa juu. Mtu yeyote akiwa na nambari yako ya M-Pesa, anaanza kukutumia shilingi 10, jina linatokea ndiyo ahakikishe, anakatiza kabla pesa haijaenda. Ameshajua unaitwa nani na hajatumia hata senti. Mimi kwa video najulikana na jina la utani. Usiku mmoja saa nane nikaamshwa na mwanaume ananiita kwa jina la kitambulisho, jina ambalo hata majirani hawalijui, ananiuliza naishi upande gani wa mji. Nikablock. Akapiga na nambari ingine. Hiyo wiki nilipokea simu zake nikahesabu, nikaacha kuhesabu.

Watu wakanipa ushauri wa kawaida: zima simu usiku. Sawa, lakini hiyo ndiyo laini mamangu anajua. Mama ako na kabambe, anatoka kijijini kwetu, na kukhu ni mgonjwa wa sukari. Simu ya kukhu haina saa. Kwa hivyo nikizima laini kwa sababu ya mtu mmoja mjinga, nimezimia familia yangu. Hapo ndipo nilielewa shida: nambari moja ilikuwa inabeba watu wasiofaa kukutana. Mama na huyo jamaa walikuwa wanagonga mlango mmoja.

Nikanunua laini ya pili. Hiyo ndiyo iko kwa video, kwa mabango, kwa WhatsApp Business. Sikuisajili kwa huduma yoyote ya pesa, kwa hivyo mtu akijaribu kutuma hapo hapati jina. Wateja wanalipa kwa Till, na Till inaonyesha jina la biashara, si langu. Saa mbili usiku naizima hiyo laini. Simu haizimwi, laini ndiyo inazimwa. Iko kwa settings, ni kubonyeza tu. Laini ya kwanza inabaki hewani na watu kama kumi na wawili pekee ndio wako nayo.

Sasa msinielewe vibaya. Laini ya pili haikufichi serikalini. Zote mbili zimesajiliwa na kitambulisho changu na ndivyo inafaa. Usikubali laini iliyosajiliwa na kitambulisho cha mtu mwingine, na wewe usimsajilie mtu na chako hata kama ni beste. Mwaka 2022 tulipanga foleni ndefu za kusajili upya, wengine wakashangaa kupata nambari ambazo hawazijui ziko kwa jina lao. Kwa Safaricom piga *106# uangalie zako ni ngapi. Dakika moja tu.

Kuna vitu pia muuzaji wa simu hakuambii. Cha kwanza ni kile kijisahani cha laini. Simu nyingi za bei yetu ziko na nafasi mbili, lakini ya pili ni ya kuchagua: laini au memory card. Kwa mtu wa video hiyo ni kama kuulizwa uchague kati ya ugali na mboga. Ulizia simu yenye nafasi tatu kabla ya kutoa pesa.

Cha pili ndicho kilinifunza kwa machozi. Ukipiga *#06# kwa simu ya laini mbili utaona namba mbili za IMEI, na utadhani uko na simu mbili ndani ya moja. Hapana. Nyingi zinasikiliza laini zote mbili zikiwa zimetulia, lakini ukianza kuongea na moja, ile ingine inatoka hewani. Mnajua tunavyosema mtu "ako mteja" simu yake isipopatikana. Alhamisi moja nilikuwa na mteja kwa laini ya pili, tunapanga tangazo dakika arobaini, na laini ya kwanza iko mteja. Mama alipiga mara saba. Kukhu alikuwa ameanguka jikoni. Jirani mwenye bodaboda ndiye alimkimbiza hospitalini, na Mungu ni nani, alirudi nyumbani siku ya tatu. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani hiyo simu ndogo ni yetu." Hiyo sentensi ilinikalia kifuani kuliko matusi.

Dawa iko, na ni rahisi. Kwa settings za kupiga simu kuna mahali pa kuelekeza simu kwa nambari ingine laini isipopatikana. Elekeza ya nyumbani kwenda ya kazi, kisha washa pia ile ya kungojesha simu. Sasa nikiwa na mteja, simu ya mama inaingia inalia "tut tut" katikati ya maongezi. Inaweza kukula kredo kwa sababu dakika zilizoelekezwa zinalipiwa na wewe. Lipa.

Na laini usiyoitumia usiitupe tu kwa droo. Ikikaa kimya muda mrefu mtandao unaweza kumuuzia mtu mwingine hiyo nambari, na kama WhatsApp yako ama benki bado iko hapo, nambari za siri zitakuwa zinaingia kwa simu ya mgeni. Toa kila kitu kwanza, ndiyo uiache.

Kwa hivyo ukiniona na laini mbili, usiniulize ya pili ni ya nani. Ya pili ni ya nyinyi wote: wateja, mashabiki, wakora na wanaopiga kimakosa. Uliza ya kwanza. Ya kwanza ndiyo iko na wenyewe. Iko na mama, iko na kukhu ambaye husahau amepiga akaanza kuniuliza nimepata wapi nambari yake.

Wale mnanunulia wadogo zenu simu mwezi huu, hasa wasichana wanaoanza kuuza vitu mtandaoni, wanunulieni na laini ya pili. Ni bei ya sahani moja ya chipsi, na itawasaidia kulala.