Ubeti Nilioufuta

Kwa miaka sita ubeti mmoja niliotunga mwenyewe ulikaa juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo wa programu ambayo mpaka leo sijui vyema ilivyoundwa. Ulikuwa wa mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, nao ulimkaribisha mgeni kwa adabu zote. Mwezi uliopita niliufuta kwa mkono wangu. Wapenzi wa lugha, naomba mnivumilie nieleze ilivyokuwa.

Programu yenyewe hukagua tahajia ya Kiswahili: ukikosea neno, hulipigia mstari mwekundu. Imeundwa na vijana wanaojitolea, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuurekebisha au kuugawa. Mimi nilipewa orodha ya maneno niisafishe, kisha nikaombwa niandike maelezo ya ukurasa wa mwanzo. Kazi hiyo ya pili niliipokea kwa majivuno.

“Mjomba,” mpwa wangu aliniambia siku moja, “watu wanafika mlangoni, halafu wanarudi.” Alikuwa amechoka kuona wengi wakifungua ukurasa na wachache mno wakiichukua programu. Akashauri tusibishane, bali tumwonyeshe mtu ukurasa ule, sisi tunyamaze tumtazame.

Tulikwenda kwa mama mwenye steshenari karibu na kwangu, anayewachapia watu barua na maombi ya kazi kutwa nzima. Ikiwa programu hii ina mwenyewe, ni yeye. Aliusoma ubeti taratibu, akasema, “Shairi zuri, Mwalimu.” Akashuka mstari wa chini yake, nilipokuwa nimeandika kwamba hii ni programu ya bure kwa wote. Akanyamaza. Akanitazama kama anayeogopa kunivunjia heshima.

“Ya bure? Haina virusi hii?” Kisha akauliza lililonichoma zaidi: “Na inafanya kazi gani?”

Alikuwa amesoma ukurasa mzima.

Usiku ule sikulala mapema. Kuhusu neno “bure” sikuwa na wa kumlaumu. Kiingereza kina neno moja linalobeba uhuru na kutolipa pamoja, na tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, watetezi wa programu hizi wamekuwa wakieleza kwamba wanakusudia uhuru. Wengine waliona heri wakope “libre” kutoka lugha za jirani, ndiyo maana mwaka 2010 likazaliwa jina LibreOffice. Sisi tatizo hilo hatunalo. Tuna “huru” na “huria” upande mmoja, na “bure” upande wa pili, nalo “bure” lina doa lake: mtu huhangaika bure, hufa bure, na asiyefaa huitwa bure kabisa. Mimi, ninayejidai kupima kila silabi, nilizipita hazina mbili nikaokota neno linalomtukana aliyefanya kazi. Vijana wale wamekesha miaka sita, nami nikaiandika kazi yao kuwa ya bure.

“Huria” nalo lina historia yake. Wenye umri wangu wakilisikia hukumbuka soko huria na purukushani zake. Lakini Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimelizoeza sikio letu maana nyingine, ya mlango ulio wazi. Wanafunzi wake hulipa ada, na hakuna anayeona jina limemdanganya. Neno hilo lingetufaa.

Mpwa wangu alinionyesha mfano wa wakubwa. Debian, mfumo endeshi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulibadili ukurasa wake wa mwanzo Desemba 2020. Ule wa zamani ulijaa maandishi na viungo kama gazeti la serikali. Mpya ulimwekea mgeni kitufe cha kuichukua programu mbele ya macho, ukamweleza kwa sentensi fupi kile anachopewa. Sikufurahi kuonyeshwa. Niliona ni ukavu, mpaka nilipokumbuka baraza za nyumba zetu za pwani. Mgeni hukaa pale kwanza, huulizwa hali, hueleza lililomleta. Hakuna mwenyeji anayemsomea utenzi mtu aliyekuja kuulizia njia. Mimi nilikuwa nimeligeuza baraza kuwa ukumbi wa kujisikiliza.

Kuandika upya kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Kitufe kilikuwa na nafasi ya herufi kumi tu, nami nikajikuta nahesabu tena, safari hii bila vina. Mpwa alipendekeza “Shusha”. Mimi nilishikilia “Pakua”, kwa sababu ni neno la chunguni na la bandarini: mpishi hupakua wali, mchukuzi hupakua shehena chomboni. Hapo nilishinda. Nilishindwa nilipotaka kuandika “Andika Kiswahili bila kosa”, maana programu haiwezi kuahidi hivyo. Tulimaliza na maneno haya: “Programu hii hukuonyesha makosa ya tahajia unapoandika Kiswahili. Ni huria, na hulipii chochote.” Hakuna hata tashbihi moja. Ubeti wangu nilipewa hiari ya kuuhamishia ukurasa wa ndani. Nilikataa, kwa hasira kidogo, nakiri, nikaufuta.

Juzi tulirudi steshenari. Yule mama alisoma, akabonyeza “Pakua” bila kuuliza, na mpwa akamsaidia kuiweka kwenye kompyuta. Barua ya kwanza aliyoichapa ilikuwa ya mteja wa shamba, nayo ikajaa mistari myekundu. Mitatu ilikuwa makosa kweli. Wa nne ulikaa chini ya jina la kijiji alikozaliwa.

“Mwalimu, mbona kwetu hapajui?”

Orodha ile ni yangu. Nilimwomba anitajie na vijiji vya jirani, nikaviandika nyuma ya risiti, naye akawa ananisahihisha tahajia.