Ukoo mzima Mombasa bila kuuza ng'ombe

MAZISHI na harusi. Kwa jamii nyingi za mjini, hizo ndizo nafasi mbili zilizobaki za kuwaona binamu, shangazi na wajomba mahali pamoja, na katika zote mbili hakuna anayepata wasaa wa kuzungumza. Ndiyo maana siku hizi utasikia watu wakipanga kukutana kwa siku tatu nne tu, bila jeneza wala keki. Na jina linalotajwa mara nyingi ni lile lile: Mombasa.

Kisha mipango hufa. Hufa hivi: mmoja mwenye kazi nzuri anapendekeza hoteli ya ufuoni, wengine wanaitikia kwa furaha, halafu simu zinaanza kuingia moja moja. Shangazi ana homa. Binamu amenyimwa likizo. Hakuna atakayetamka kwamba hana pesa.

Sisi tulikuwa 22, watu wazima 16 na watoto sita, kutoka Nairobi, Nakuru na Bungoma. Miongoni mwetu alikuwamo nyanya yetu mwenye magoti mabovu, ambaye tangu azaliwe hakuwa ameiona bahari. Mweka hazina alikuwa mjomba, mwalimu mstaafu, na alifanya jambo moja ambalo ningependa kila kundi liige. Kabla ya kutaja nyumba wala gari, alimpigia simu kila mtu mzima peke yake akamuuliza: unaweza kutoa ngapi bila kukopa? Akalichukua jibu la chini kabisa, akalifanya ndilo mchango wa kila mmoja. Aliyekuwa na zaidi alimtumia yeye kimya kimya, na mpaka leo hatujui nani aliongeza nini. Vile vile, nauli ya basi ya watu wa Bungoma hadi Nairobi ilitolewa kwenye kapu hilo hilo. Wengi wetu hudhani safari ya kwenda Pwani huanzia Nairobi, na tunasahau kwamba kuna aliyekwisha kulala njiani usiku mmoja kabla hatujafunga mabegi.

Basi tuje kwenye usafiri. Toka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi kwa barabara. Wazee wangali wanasimulia gari moshi la kale lililosafiri usiku kucha, nao watoto husikiliza kama hadithi ya sungura na fisi. Hilo lilikoma mwaka wa 2017, mwaka ule ule Madaraka Express ilipoanza kazi kwenye reli mpya. Nauli ya daraja la kawaida kutoka mwisho hadi mwisho ilikuwa Sh1,000 hadi Januari 2024 ilipopandishwa kuwa Sh1,500, nayo ya daraja la kwanza ikatoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Mtoto wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Kwa hiyo watu wazima wetu 16 walikuwa Sh24,000, watoto sita Sh4,500, jumla Sh28,500 ya kwenda na nyingine kama hizo za kurudi.

Kuna waliotaka tukodi matatu. Bei ya kwanza ya mwenye gari huwa tamu, lakini hebu muulize maswali. Mafuta ni ya nani? Dereva atalala wapi, atakula nini, na siku zile mbili ambazo gari litakaa tu chini ya mnazi zinalipiwa vipi? Matatu ya viti 14 haibebi watu 22 hata mkiwapakata watoto, na kuwapakata watoto kwa kilomita 480 si jambo la kufanyiwa mzaha. Muhimu zaidi, uliza kama gari lina bima ya kubeba abiria wa kulipa. Gari la kibinafsi lisilo na bima hiyo likianguka, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na hapo ndipo mtakapokutana tena mazishini.

Treni ina masharti yake. Kila msafiri anahitaji kitambulisho, na mtoto cheti cha kuzaliwa, kwa hivyo andikeni orodha ya majina na nambari mapema, mkate tiketi zote kwa pamoja. Kwa Krismasi na Pasaka tiketi huisha haraka sana. Fikeni kituoni Syokimau angalau saa moja kabla, kwa maana ukaguzi wa mizigo haujali kwamba nyanya anatembea polepole. Faida yake ni kwamba viti vya daraja la kawaida hutazamana. Tulipofika Emali, binamu wa Bungoma na wa Nairobi ambao hawakujuana majina walikuwa wanagombania dirisha ili kuwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa udongo wa huko.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, na hapo ndipo kundi lisilojipanga huvuliwa pesa. Madereva huwangoja nyote 22 mkiwa mmechoka, na bei hupanda kwa kila sanduku. Patana na mwenye matatu siku moja kabla, mkubaliane bei ya gari zima na si ya kichwa.

Mahali pa kulala palituchukua muda kuliko vyote. Tulichagua Bamburi, pwani ya kaskazini, kwa sababu mtu hufika huko kwa kuvuka daraja la Nyali, lile la 1980 lililochukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931. Diani nako kuzuri, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu humfikisha mtu upande huo bila feri, lakini jamaa zetu walitaka kushinda mjini pia, na kuwavusha watoto sita Likoni asubuhi na jioni ni kazi ya mchungaji. Kwa wenye miguu feri haitozwi chochote, na wanafunzi wasio na mizigo wasiidharau.

Hoteli hutoza kwa chumba. Tuseme chumba cha watu wawili ni Sh4,000: watu 22 ni vyumba 11, Sh44,000 kwa usiku mmoja, na chakula cha mchana bado. Tuseme sasa mmepata nyumba mbili za vyumba vinne kwa Sh15,000 kila moja: ni Sh30,000, na kuna jikoni. Jikoni ndiyo siri yenyewe, kwani ukoo ukila hotelini mara tatu kwa siku, nauli yote mliyookoa itaishia kwenye sahani.

Lakini nyumba ina mambo yake. Uliza ni ghorofa ya ngapi, maana nyanya asiyeweza kupanda ngazi atageuka mfungwa kwenye likizo yake mwenyewe. Uliza nani hununua tokeni za umeme, kwa sababu feni nane usiku wa Februari huzila kama siafu. Onja maji ya mfereji: nyumba nyingi za huko hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na ya kunywa mtanunua kwa mitungi. Uliza vyandarua. Na usitume hata shilingi kabla ya mtu mnayemfahamu kuingia ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yake. Nilisimuliwa na wanafunzi wa chuo kimoja waliotuma nusu ya malipo kwa simu baada ya kuona picha za kupendeza. Walipofika, mlinzi aliwaambia nyumba hiyo ina wenyewe wanaoishi humo na haijawahi kukodishwa. Walilala kwenye viti vya ofisi ya basi.

Mwezi pia una bei yake. Desemba, Pasaka na Agosti kila mwenye kitanda ni mfalme. Baada ya Pasaka, masika yakishika hadi Juni, bei hushuka na hata wenye hoteli hukubali kupatana, lakini bahari ya kusi huwa na ghasia na samaki huadimika.

Wala msilipie ufuo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu ardhi iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ya umma. Nyumba iliyo dakika kumi nyuma ya barabara huwa nafuu kuliko inayotazama mawimbi, nayo bahari ni ile ile. Sisi tulipitia ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates. Nyanya aliketishwa kwenye kiti cha plastiki maji yakiwa yanakupwa, akakataa kuondoka hata yalipoanza kurudi na kumfika vifundoni.

Asubuhi shangazi walitangulia soko la Kongowea kabla jua halijapata nguvu, wakarudi na nazi, ndizi na mchicha wa siku mbili. Mahamri na mbaazi tulinunua kwa mama wa jirani. Wajomba, ambao nyumbani hawajui kijiko kiko wapi, walipewa zamu ya vyombo, na orodha ikabandikwa mlangoni.

Usiku wa mwisho mjomba alitusomea hesabu yote, risiti moja baada ya nyingine, hadi tukaanza kusinzia. Zilibaki Sh2,300. Akatangaza kwamba safari ijayo ni Nakuru, mwezi wa Juni, kwa kuwa mara hii watu wa Bungoma ndio waliotoka mbali zaidi. Shangazi yule wa homa alikuwa wa kwanza kuandikisha jina.