Makopo Matatu ya Isevya

Mjukuu wa dada yangu alikuja Tabora likizo ya kiangazi, akaazima baiskeli yangu kwenda sokoni. Njiani akaipitisha kwa kijana mmoja anayeziba pancha, kwa nia njema kabisa, akarudi amefurahi. "Babu, cheni ilikuwa inalia, nimeimwagia oili." Nikaenda kuitazama. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari ilikuwa imemiminwa juu ya vumbi la wiki nzima, nyeusi, inadondoka hadi kwenye rimu. Nilipomwambia kwamba cheni husafishwa kwanza, alishangaa kwelikweli. "Kwani cheni inasafishwa? Si ikiisha unanunua nyingine?"

Sikumgombeza. Angejifunzia wapi, naye amekulia mahali ambapo hakuna anayeisafisha? Lakini swali lake lilinikosesha raha siku kadhaa, ndiyo maana naandika.

Baba alinunua Raleigh mpya, nyeusi, yenye nembo ya kichwa cha ndege kule mbele, iliyotoka Nottingham, Uingereza. Nimeitafuta stakabadhi kwenye sanduku la mama na nimeipata: 1971. Kaka yangu anashikilia kuwa ni mwaka mmoja nyuma, maana anakumbuka kubebwa kwenye keria kwenda kuanza darasa la kwanza. Tuyaache hayo. Ninachotaka kusema ni kwamba baiskeli ile ilikuwa na kava la cheni lililofunika kila kitu, mbele na nyuma, juu na chini. Ungeweza kuipanda umevaa kanzu nyeupe ukafika msikitini bila doa. Ndani ya kava lile cheni ilikaa kwenye kivuli chake, vumbi likaifikia kwa shida, mvua ikaipita kando. Hata hivyo baba hakuliamini kava peke yake. Kila masika yalipokwisha, na mara nyingine katikati ya kiangazi, baiskeli ilipelekwa mtaani Isevya kwa fundi, na mimi nikapelekwa pamoja nayo ili nijifunze.

Fundi alikuwa mzee wa Kimanyema, mwenye kofia ya kiua na kaptura ya kaki, na alikaa chini ya mwembe. Tabora hukosi mwembe wa kukaa chini yake, lakini ule ulikuwa wake kwa heshima. Hata muuza machungwa alimpisha. Ukifika ulisema shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso, kisha akakuuliza habari za nyumbani, za shule, za bibi yako, na katikati ya maswali hayo kidole chake kilikuwa tayari kimeshaigusa cheni na kuipeleka puani. Alinusa cheni za watu. Kwa harufu alijua nani amepaka samli, nani amepaka mafuta ya nazi, nani amepaka oili ya lori.

Mbele yake palikuwa na makopo matatu ya maziwa ya unga. La kwanza lilikuwa na mafuta ya taa meusi kabisa, la pili yenye rangi ya chai, la tatu maangavu. Alitoa klipu kwa ncha ya bisibisi, akaivuta cheni nje yote, akaikunja taratibu na kuizamisha katika kopo la kwanza. Hapo ililala. Kama una haraka alikuambia uende zako ukarudi kesho, na kama hutaki kurudi kesho alikuambia uende kwa fundi mwingine. Baada ya kulowa aliisugua kwa mswaki uliochakaa, kiungo kwa kiungo, akaihamishia kopo la pili, akaitikisa, akaihamishia la tatu. Kisha aliitundika kwenye tawi, kivulini, mpaka mafuta ya taa yakauke. Hakuruhusu mtu aguse oili kabla ya hapo, maana mafuta ya taa yakibaki ndani huifanya oili mpya iwe nyepesi na kutoka upesi. Jioni aliyaacha makopo yatulie. Uchafu ulizama chini, naye asubuhi akamimina yale ya juu yaliyotakata na kuyatumia tena. Chupa moja ya mafuta ya taa ilimfaa muda mrefu.

Wateja wakorofi walikuwepo. Mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee, wewe nipakie tu oili, nina safari." Mzee akamrudishia baiskeli yake. "Mwanangu, mtu hapakwi mafuta kabla ya kuoga." Yule bwana alikasirika na kuondoka akisukuma. Nililisikia neno lile nikiwa na miaka tisa au kumi, na sijapata somo la ufundi lililo fupi kuliko hilo.

Mafuta yenyewe tulinunua kwa muuza duka mmoja Mwarabu karibu na soko, mtu mnyamavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliuza mafuta ya cherehani kwa vichupa vidogo, na ukileta kichupa chako alikupimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Duka lile lilikuwa na harufu ambayo sijaikuta kwingine: mafuta ya taa na sabuni ya mche, solusheni ya kuzibia pancha, mpira mpya wa tairi zilizoning'inia darini, na asali kutoka madumu ya warina asali waliokuja kununua chumvi na betri. Nikisimama pale kaunta, kidevu kikiifikia kwa shida, nilimtazama akipima tone la mwisho kwa subira ile ile ambayo fundi aliitumia kulidondosha. Kamwe halikumwagika.

Nilipokuwa mwalimu ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alijali tone. Cheni tunayotumia ni ya aina aliyoibuni Hans Renold mwaka 1880 huko Manchester, na siri yake haionekani kwa nje. Kati ya bati mbili kuna pini. Pini inazunguka ndani ya bushi. Juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye meno ya spoketi. Baiskeli ya kawaida ina viungo zaidi ya mia moja vya namna hiyo, na katika kila kimoja chuma kinasuguana na chuma mahali ambapo jicho halifiki. Mafuta yanatakiwa mle ndani. Yaliyobaki nje hayana kazi ila kukamata vumbi, na vumbi la mchanga wa Tabora likichanganyika na oili huingia kwenye pini na kuanza kusaga. Ndiyo maana mzee alidondosha tone moja kwenye kila rola, akazungusha pedeli kinyumenyume kwa muda, akaketi anywe chai, kisha akachukua kitambaa na kuyafuta yote aliyoyaona. Watoto tulidhani anaharibu mafuta ya watu. Alikuwa anaondoa yasiyohitajika.

Na alipima. Viungo 24 vya cheni mpya vina urefu wa inchi 12 kamili, kwa hiyo rula ya shule ilimtosha. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, alikuambia anza kuweka akiba. Watu husema cheni imerefuka, kana kwamba chuma kimevutika, kumbe ni pini na bushi zimelika, kila kiungo kidogo sana, na vidogo mia moja vinajumlika. Cheni ya namna hiyo haikai tena vizuri kwenye meno. Inayala, yanalala upande mmoja, na ukifunga cheni mpya juu ya meno yaliyolika inaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Hapo unanunua spoketi na cheni kwa pamoja.

Wakati wa kufunga, mdomo wazi wa klipu aliuelekeza nyuma, kinyume na mwendo wa cheni, ili kitu kikiigusa kisiifungue. Nimezikagua baiskeli nyingi siku hizi sokoni, na klipu zimewekwa vyovyote vile.

Kuna jambo moja la mzee ambalo sikuliona kwa fundi mwingine. Warina asali waliokwenda porini kwenye mizinga, mwendo wa siku nzima juu ya mchanga, aliwatengenezea cheni kwa namna yao. Aliyeyusha nta ya nyuki kwenye bati pamoja na oili safi kidogo, akaitumbukiza cheni iliyokauka mle ikiwa ya moto, akaiacha inyonye. Ilipopoa ulishika cheni mkono ukabaki mkavu, na mchanga haukupata pa kushikia. Leo washindani wa mbio za baiskeli wa Ulaya huzamisha cheni zao katika nta ya parafini iliyoyeyushwa na huona ni jambo la kisasa.

Kisha zikaja zile siku za foleni. Cheni hazikupatikana, sabuni yenyewe haikupatikana. Raleigh zilikoma kuja, tukapanda Phoenix za Kichina na Swala za hapa nchini kwa aliyebahatika kuandikiwa kibali. Cheni ya baba ilivuka miaka hiyo yote. Mafuta ya taa yalipokuwa ya taabu, mzee alitumia kopo moja badala ya matatu na kitambaa zaidi, lakini hakumiminia mtu oili juu ya uchafu.

Ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja maduka yalijaa. Zikaja baiskeli za India, kisha za gia, kisha mitumba ya Kijapani yenye vikapu. Makava kamili yakapungua, yakabaki nusu kava, halafu watu wakayang'oa hata hayo kwa kuwa yanapiga kelele. Mzee alifariki, mwembe uko, chini yake panauzwa vocha. Muuza duka alihamia kwa wanawe. Daladala za baiskeli zikapata miaka yao, pikipiki zikazimaliza. Sasa vijana wa bodaboda wanabeba abiria wawili kwa cheni iliyolegea hadi inapiga chuma, wakisikia inalia wanaimwagia oili chafu, yenye masizi na chembe za chuma zilizotoka kwenye injini. Cheni ya pikipiki ikikatika katika mwendo inaweza kujisokota na kufunga gurudumu la nyuma. Hilo linatisha kuliko nilivyoweza kumwambia mjukuu wangu.

Naambiwa cheni siku hizi ni za bei nafuu. Ni kweli, na nyingi ni laini pia. Lakini mwenye kubeba mkaa kutoka porini hadi mjini kwa baiskeli anajua bei nafuu ni ipi pale cheni inapokatika kilomita thelathini kutoka nyumbani, na magunia mawili yako kwenye keria.

Mjukuu wangu nilimweka kibarazani na makopo matatu. Alilalamikia harufu, akaendelea kusugua. Mafundi wazee waliobaki Isevya, Ng'ambo na Kanyenye wanahesabika, na kila mwaka wanapungua. Mwenye kijana nyumbani ampeleke akae nao siku mbili tatu. Na fundi yeyote atakayeinua kopo la oili juu ya cheni yako yenye vumbi, mshike mkono, umpe kitambaa kwanza.