Mafuta ya Lenzi Kongwe

Mafuta ya nazi yaliyotoka Unguja yakiwa majimaji, yakifika Arusha wakati wa kipupwe, hukutwa asubuhi yameganda chupani mithili ya samli. Hayakuchanganywa na kitu. Ni baridi tu ya mji uliokaa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, chini ya mlima Meru, ilhali mafuta hayo huanza kuganda joto lishukapo chini ya digrii 24. Somo hilo la jikoni ndilo la kwanza kwa mwenye kutaka kuifufua lenzi ya zamani ya kamera: mafuta huchaguliwa kwa mahali yatakapofanya kazi.

Lenzi zilizosalia makabatini tangu zama za filamu aghalabu huugua maradhi mamoja: pete ya kulengea hukazana. Ndani yake mna hesi pana iliyopakwa grisi kiwandani, na grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni kama sponji lishikavyo maji. Miaka ikipita, mafuta hutoroka na sabuni hubaki kavu. Vumbi la kiangazi likiingia, pete huzidi ukaidi.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Tone moja la mafuta ya cherehani huilainisha pete papo hapo, na mwenye kamera akafurahi. Lakini mafuta mepesi hayatulii. Hutambaa hadi kwenye vibamba vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, navyo havitaki mafuta hata chembe. Vikinata, hufunga kwa kuchelewa, na picha huungua kwa mwanga. Katika kamera ya filamu, hasara hiyo haionekani mpaka filamu isafishwe. Na hapo harusi imekwisha, na bibi aliyeketishwa mbele ya jamaa huenda hayupo tena wa kupigwa picha ya pili.

Vazelini nayo ina kasoro yake, kwani huyeyuka baina ya digrii 40 na 60, na kamera iliyosahauliwa ndani ya gari juani hufikia joto hilo. Grisi nzito huvumilia jua, ila baridi huikaza. Mpanda Meru huondoka kwenye kibanda cha Saddle, mita 3,570, baada ya usiku wa manane, akitaraji kuliona jua likichomoza karibu na kilele cha mita 4,566. Pete iliyozunguka vyema mjini humgomea huko juu, na jua halimngoji. Grisi ya silikoni hubadilika kidogo kwa joto na baridi, lakini mafuta yake hutambaa hata kwenye kioo.

Kwa hiyo fundi mwangalifu hutafuta grisi iliyotengenezwa khasa kwa lenzi, yenye uzito wa wastani na isiyoachia mafuta yake. Kabla ya kuipaka, huweka alama pale hesi zinapoachana, maana zina milango mingi, na zikirudishwa kwa mlango usio wake, vitu vya mbali havitaonekana sawasawa tena. Kisha huosha grisi yote ya kale kwa petroli ya viberiti, mbali na moto, kwa kuwa mpya juu ya kuukuu haidumu. Mwisho hupaka utando mwembamba kwenye hesi peke yake, na vibamba huviacha vikavu kabisa. Pete haitakuwa nyepesi kama ile ya tone la cherehani. Itakuwa na uzito kidogo mkononi, nao ndio unaoizuia lenzi isihame pale ilipolengwa.