Madam Amezuia

Mwaka 2018 nilikuwa mwandishi pekee wa miongozo katika kampuni ya programu iliyokuwa na ofisi kando ya Ngong Road, Nairobi. Tulikuwa tukiwaunganisha wenye maduka, shule na sacco na M-Pesa. Safaricom ilikuwa imezindua Daraja, njia ya kuunganisha programu na M-Pesa, mwaka uliotangulia, na kila kijana aliyejua kuandika programu alitaka mteja wake alipwe papo hapo: mnunuzi anabonyeza, simu inamwomba namba ya siri, pesa zinaingia. Waliokwama walitupigia simu. Vijana wetu wa huduma kwa wateja hawakuwa na majibu, wakawa wanapanda ghorofani kumuuliza mhandisi, naye anaacha alichokuwa akikifanya.

Nilikaa nao huko chini wiki kadhaa, nikiandika daftarini kila swali lililoingia. Mengi yalirudi palepale. Ombi la malipo likikwama, mfumo huleta namba: 1032 ni kwamba mlipaji mwenyewe ameghairi, 1037 ni kwamba simu yake haikupatikana. Mwongozo wetu ulizieleza zote mbili kwa sentensi moja, kwamba malipo hayakufaulu. Kwa mhandisi huo ni ukweli mtupu. Kwa karani wa karo ni mambo mawili mbalimbali: mzazi wa kwanza apigiwe simu, wa pili atumiwe ombi tena jioni akishachaji.

Daftari hilo ndilo lililomlainisha mkurugenzi. Kwake maandishi yalikuwa kama rangi ya nyumba, kitu cha kupakwa mwashi akishaondoka. Lakini saa za wahandisi alijua zinamgharimu kiasi gani. Akakubali niajiri.

Walioomba walikuwa wengi, na diploma zao za kompyuta na Kiingereza cha kung'aa. Niliwapa kazi moja: mwandikie mpangaji mgeni namna ya kuingiza tokeni ya stima, zile tarakimu 20, kwenye mita. Karibu wote walimaliza kwa dakika chache. Ingiza namba, thibitisha, basi. Mwanamke mmoja aliyewahi kufundisha Kemia sekondari hakuandika neno. Aliuliza mita iko ndani ya nyumba au kule chini kwenye ngazi. Aliuliza mpangaji akikosea tarakimu ya katikati, afute moja au aanze upya. Tena, atajuaje kwamba imekubali? Nilimwajiri kabla hajashika kalamu. Wa pili alikuwa mhariri wa gazeti aliyepunguzwa kazi, mtu asiyevumilia sentensi ndefu. Wa tatu tulimtoa kule chini kwenye simu za wateja, naye alijua kila tusi ambalo mteja aliyekwama anaweza kulitoa.

Ofisi ya wafanyakazi ikataka kutuketisha na watu wa matangazo, eti sote tunaandika. Nilikataa katakata. Mwandishi anayeletewa kazi iliyokwisha hana la kuuliza, hubaki kupamba. Tukapewa meza katikati ya wahandisi, tukaingia vikao vyao vya asubuhi, na miongozo tukaihamishia kwenye Git, pamoja na msimbo wenyewe. Kisha nikaomba jambo lililozua kelele: toleo jipya lisitoke mpaka mwandishi ameidhinisha maelezo yake. Mishahara ilikuwa vita vingine, na hivyo nilivishinda nusu tu.

Ijumaa moja jioni, watu wameshabeba mabegi, mwalimu wetu akazuia toleo. Mhandisi aliyelitengeneza akaja mezani kwake.

"Madam, si upitishe tu? Ni ukurasa wa namba ya simu."

"Nitapitisha. Hebu jaza kwanza namba yako."

Akainama, akaandika kama anavyompa rafiki, akianza na 07. Mfumo ukaikataa. Ulitaka ianze na 254, bila hata alama ya kujumlisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyeujenga hivyo. Madam alikuwa ameshaandika aya nzuri ya kuonya juu ya jambo hilo, lakini hakutaka itumike. Alitaka msimbo upokee 07 na kuibadilisha wenyewe. Mhandisi alishusha begi, akarekebisha kabla ya saa moja, na ile aya ikafutwa.

Baada ya hapo sikuhitaji tena kuitetea kazi yetu vikaoni. Wahandisi walianza kuja wenyewe, mapema, na michoro isiyokamilika, wakisema, "Nitafutie pale mtu atakwama." Mwongozo wa wenye maduka, ambao tuliuandika kwa Kiswahili, ulipungua kurasa kila toleo. Mkurugenzi aliniuliza kama tunafanya kazi kweli.

Mhariri aliondoka baadaye kuifanyia kazi kampuni ya ng'ambo kutoka nyumbani kwake Kitengela, kwa mshahara wa dola, na sikuwa na cha kumzuilia. Mimi nami niliondoka, na kitengo sasa anakiongoza Madam. Jaribio la tokeni amelitupa, maana waombaji walikwisha kuambiana. Siku hizi huwapa ukurasa wa mwongozo na kuwauliza wangeondoa nini. Wengi, ananiambia, huongeza.